Karanga za Kongwa na Neno "Mradi"

Hapa kambini mtoto analijua neno "mradi" kabla hajajua kusoma. Mradi wa maji, mradi wa vyoo, mradi wa vijana. Mradi umefika, mradi umefungwa. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, na mara nyingi mwanafunzi mpya akija kituoni swali lake la kwanza siyo "tutajifunza nini?" Anauliza, "Yaya, huu mradi unaisha lini?"

Swali hilo ni la akili sana, na nitaeleza kwa nini. Nimeandika makala hii kwa ajili ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana wenzangu wanaoambiwa kila siku "andikeni andiko la mradi", halafu wanajaza visanduku vya lengo, matokeo na viashiria kama mtu anayejaza karatasi ya hospitali. Wa pili ni ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaotuletea visanduku hivyo. Maneno haya yana historia. Sehemu ya historia hiyo ilitokea katika nchi hii hii iliyotupokea, na kipande kimoja kilitokea kwa wakimbizi waliotutangulia.

Mradi ni nini, na nini siyo mradi

Tuanze na maana. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye kitu kinachojulikana ambacho lazima kibaki baada yake, na yenye mali iliyohesabiwa: pesa, watu, vifaa, siku. Kuchimba kisima ni mradi. Kuteka maji kila asubuhi siyo mradi, ni maisha. Kujenga darasa ni mradi. Kufundisha ndani yake mwaka baada ya mwaka ni uendeshaji.

Kwa hiyo yule mwanafunzi yuko sawa. Mradi lazima uishe, la sivyo siyo mradi. Swali gumu ni hili: ukiisha, nani ataendesha kilichobaki?

Wanaofundisha kazi hii wanasema kila mradi una kamba tatu zilizofungwa pamoja: ukubwa wa kazi, muda, na gharama. Ukivuta moja, zile mbili zinasogea. Ukitaka kazi kubwa kwa muda mfupi, toa pesa nyingi. Pesa ikipungua, punguza kazi au ongeza siku. Katikati ya kamba hizo kuna ubora, na ndio unaokatika wa kwanza watu wakidanganyana.

Binadamu wamefanya miradi tangu zamani, lakini kuichora kwenye karatasi ni jambo la juzi. Karol Adamiecki, mhandisi wa Poland, alichora mwaka 1896 mchoro wa kupanga kazi za kiwandani zifuatane vizuri. Miaka ya 1910 Mmarekani Henry Gantt akaeneza mchoro wa mistari: kazi zimeandikwa upande mmoja, siku upande mwingine, na kila kazi ina mstari wake unaoonyesha inaanza lini na inaisha lini. Ile karatasi ya rangi mnayoiona kwenye ukuta wa ofisi ya shirika ni mjukuu wa mchoro huo.

Karanga

Sasa tuje Tanganyika. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alipeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Serikali ikatuma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi wakasema inawezekana.

Mpango uliotangazwa mwaka 1947 ulikuwa mkubwa kuliko kitu chochote kilichowahi kujaribiwa hapa. Ekari 3,210,000 ndani ya miaka sita, zigawanywe mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Kenya. Gharama ilikadiriwa kama pauni milioni 25. Tanganyika zilichaguliwa sehemu tatu: Kongwa katikati ya nchi, Nachingwea kusini, na Urambo magharibi. Ukitoka Kigoma kwa treni, Urambo unaipita kabla ya kufika Tabora.

Mwaka wa kwanza walikusudia kusafisha ekari 150,000. Walipata takriban 7,500. Yaani kwa kila ekari ishirini zilizoandikwa kwenye karatasi, ilipatikana moja.

Nini kilitokea? Matrekta mapya hayakupatikana kwa sababu dunia nzima ilikuwa inayatafuta, basi wakanunua yaliyotumika, mengine yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yakafika yamechoka, na vipuri hakuna. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo, mizigo ikajaa. Reli ilikuwa ya njia moja, na mvua kubwa ikabomoa sehemu yake. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyoshinda majembe ya chuma. Wakachukua hata vifaru vya vita, wakavigeuza matrekta.

Lakini adui mkubwa alikuwa udongo wenyewe. Karanga inazaa chini ya ardhi, inataka udongo mwepesi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi: wakati wa mvua unalimika, kiangazi unakuwa kama sakafu ya saruji na karanga zinabaki ndani. Tena una mchanga mkali uliokula makali ya majembe. Na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Walijaribu alizeti badala ya karanga, ukame ukaziua.

Hapa ndipo mimi nasimama kila nikisoma habari hizi. Wagogo wa nchi ile waliijua mvua yao. Njaa kubwa iliyowapata mwishoni mwa Vita ya Kwanza waliipa jina, Mtunya, na wazee waliofiwa na ndugu zao katika njaa hiyo walikuwa bado hai mwaka 1946. Wao walilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe wa kuwaokoa mwaka mbaya. Ukitaka kujua kama mvua ya Kongwa inatosha shamba la ekari 30,000, huhitaji ndege. Unahitaji kukaa chini na mzee mmoja na kunyamaza.

Kwenye mpango Wagogo walihesabiwa kama vibarua. Hawakuhesabiwa kama watu wenye habari.

Mwaka 1948 kazi ikahamishwa kutoka kampuni ya United Africa kwenda kwa shirika jipya la serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation. Shabaha ikashushwa, ikashushwa tena. Januari 1951 serikali ikatangaza mwisho. Pauni kama milioni 36 zilifutwa kwenye vitabu. Huko London waliozungumza zaidi juu ya hasara walikuwa wanasiasa. Huku Tanganyika zilibaki barabara, majengo, bandari ya Mtwara, na reli ya kusini ambayo baadaye iling'olewa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vijana wangu wanalipenda. Katika miaka ya 1960, Tanzania ikiwa huru, sehemu hizo zilipokea watu wengine. Wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini walipewa kambi Kongwa, na FRELIMO ya Msumbiji ilifanya mazoezi Nachingwea. Mradi ulikufa, lakini mahali hapakufa, pakasaidia watu waliokimbia nchi zao ili wazikomboe. Hakuna aliyeyaandika hayo kwenye mpango wa 1947.

Visanduku vilitoka wapi

Baada ya hapo kazi ya kupanga miradi ilikua haraka, na iliyoikuza ni viwanda na silaha. Mwaka 1957 kampuni ya kemikali ya DuPont, pamoja na Remington Rand iliyotengeneza kompyuta, walianza kutafuta njia ya kujua ni kazi zipi zikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani nalo likatengeneza njia inayofanana kwa kombora la Polaris, lililokuwa na maelfu ya makandarasi.

Jina linatisha lakini mama yeyote anayepika hapa Nyarugusu analijua jambo lenyewe. Maharage yanachukua saa mbili, ugali nusu saa. Ukichelewa kuteleka maharage, chakula kimechelewa. Ukichelewa ugali dakika kumi wakati maharage hayajaiva, hakuna atakayejua. Basi maharage ndiyo njia kuu ya kazi. Na kabla ya maharage kuna maji na kuni. Mwenye kupanga vizuri anauliza kwanza: katika kazi yetu, maharage ni yapi?

Mwaka 1969 kikaja kitu kinachotuhusu sana. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilimwomba mshauri Leon Rosenberg na wenzake wachunguze kwa nini miradi yao haipimiki. Wakaona mambo matatu: mipango haieleweki, haijulikani nani anawajibika kwa lipi, na tathmini inageuka ugomvi kwa sababu hakuna aliyekubaliana mapema mafanikio ni nini. Dawa yao ilikuwa jedwali la safu nne kwa nne. Ndilo hili tunaloliita logfremu. Ukilisoma kutoka chini kwenda juu linasema: tukitoa vitu hivi, tutafanya mambo haya, tukifanya haya, hali hii itabadilika, hali hii ikibadilika, tutakaribia lengo kubwa. Pembeni yake kuna viashiria, na mahali pa kupata ushahidi.

Safu ya nne vijana wengi wanaiandika haraka haraka, au wanaiacha wazi. Ni safu ya mambo tunayoyategemea lakini hatuyaamui. Kwa maoni yangu ndiyo safu yenye thamani kuliko zote. Kama wale wa karanga wangekuwa nayo, wangelazimika kuandika: "Tunategemea kwamba mvua itatosha." Na mtu mmoja mwenye busara angeuliza, "Nani amekuambia?"

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la Ujerumani, GTZ, likaongeza jambo kwenye jedwali: kabla ya kulijaza, wanaohusika wakae pamoja, wachore mti wa matatizo, mizizi chini na matawi juu. Wazo zuri. Lakini mti unaweza kuchorwa na watu wanaosikilizwa, na unaweza kuchorwa na watu walioitwa kupigwa picha. Karatasi haionyeshi tofauti.

Reli, na watu wa Ulyankulu

Nisije nikaonekana nasema miradi mikubwa yote ni ya bure. Angalieni TAZARA. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitisha shaba yake. Wataalamu wa Magharibi walikuwa wameshasema reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. China ikakubali kuijenga kwa mkopo usio na riba, mkataba ukasainiwa mwaka 1967. Ujenzi mkubwa haukuanza hadi 1970, kwa sababu kati hapo walikuwa wanapima njia. Timu zilitembea porini na mitoni kupima kabla ya tuta la kwanza. Kilometa 1,860 zilifika mwisho mwaka 1975, mapema kuliko ilivyopangwa, pamoja na kipande kigumu cha Mlimba hadi Makambako chenye mahandaki na madaraja.

Kongwa walipima kwa wiki tisa wakajenga bila kujua. TAZARA walipima kwa miaka wakajenga haraka.

Hata hivyo, reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 kazi ngumu ilikuwa inaanza. Injini ziliharibika, vipuri vilikosekana, mvua zilibomoa njia, mizigo ikapungua miaka iliyofuata. Mradi ulifaulu, uendeshaji ukachechemea. Tumerudi kwenye swali la mwanafunzi wangu.

Mfano wa mwisho ni wa ndugu zetu. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania, na serikali pamoja na UNHCR na shirika la TCRS wakawapangia makazi yenye mashamba: Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Ulyankulu iko upande ule ule wa Urambo wa karanga. Watu wakapewa ardhi, wakafyeka pori kwa panga na jembe la mkono, wakalima mahindi, maharage, tumbaku. Baada ya muda ikaonekana kwamba maji na ardhi ya Ulyankulu haviwatoshi watu wote waliowekwa pale. Tangu mwaka 1978 sehemu yao wakahamishwa kwenda Mishamo, wakaanza tena kufyeka.

Miaka thelathini kasoro baada ya karanga, swali lilikuwa lile lile: ardhi hii inabeba nini, na nani ameulizwa? Lakini tofauti ni kubwa pia. Kule Kongwa mpango ulipokosea, kila kitu kilisimama. Ulyankulu mpango ulikosea, lakini watu walikuwa na jembe mkononi, na mashamba yakaendelea kulisha. Baadaye Katumba na Ulyankulu zilikabidhiwa kwa serikali, mashirika yakapunguza kazi zake, na maisha hayakuzimika. Uendeshaji ulikuwa tayari uko kwa wenyewe.

Sisi sasa

Hapa kwetu hatuna mashamba kama yale. Wengi tunaishi kwa posho, na kutoka nje ya kambi ni kwa kibali. Kwa hiyo mradi ukifungwa hapa, unaacha pengo kubwa zaidi. Nitatoa mfano mmoja na shirika silitaji, maana siyo lao peke yao.

Kulikuwa na kozi ya ushonaji ya miezi sita. Vijana waliandikishwa mwezi wa kwanza. Vyerehani vilifika mwezi wa nne. Miezi mitatu walifundishwa sehemu za cherehani ubaoni. Mwezi wa sita vyeti vikagawiwa, picha zikapigwa, na ripoti ikasema vijana wote wamehitimu. Kiashiria kilikuwa "idadi ya waliomaliza mafunzo", na kweli walimaliza. Binti mmoja aliniambia, "Yaya, mimi niko na cheti cha kushona lakini sketi yangu nampelekea fundi." Vyerehani vilifungiwa stoo kwa sababu hakuna aliyeandikwa kuwa na ufunguo baada ya mradi.

Tazameni jinsi historia yote iko ndani ya stoo ile. Vyerehani ndivyo vilikuwa maharage, lakini viliagizwa mwisho. Muda haukuongezwa, kwa hiyo ubora ukakatika. Kiashiria kilihesabu vyeti, hakikuhesabu nguo. Na mafundi wetu wa sokoni, wanaojua fundi mpya anahitaji muda gani mpaka mteja amwamini, hawakuulizwa neno.

Ndiyo maana katika kikundi chetu tumejiwekea maswali manne kabla ya kuandika chochote, na nayatoa hapa yatumike na yeyote.

Moja: nani anaijua "mvua" ya jambo hili, na tumekaa naye? Kama ni sabuni, ni mama anayeuza sabuni. Kama ni bustani, ni mzee aliyelima Fizi au Uvira na amejaribu kulima nyuma ya nyumba yake hapa.

Mbili: maharage ni yapi? Kitu gani kikichelewa kinachelewesha vyote? Kibali, kifaa, mwalimu? Hicho kianze leo.

Tatu: tutajuaje kwamba maisha yamebadilika, siyo kwamba watu wamehudhuria? Sketi iliyoshonwa na kuuzwa ni kiashiria. Sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio ni sahihi tu.

Nne: siku ya mwisho ya mradi, ufunguo uko kwa nani? Liandikwe jina la mtu au kamati, si neno "jamii". Jamii haina mfuko wa kuweka ufunguo.

Kwa ndugu wa mashirika nina ombi moja, nalisema kwa heshima. Tunajua ninyi pia mna wakubwa, mna mfadhili, mna tarehe. Tunajua pesa zinapungua na nyie wenyewe mikataba yenu inaisha kama miradi. Lakini mkija kuchora mti wa matatizo, njooni kabla jedwali halijajazwa, siyo baada. Wiki tisa zilikuwa chache kwa Kongwa, na mkutano wa asubuhi moja ni mchache kwa Nyarugusu. Na mkiona kamba moja imevutwa, semeni. Mkituambia "pesa imepungua, tupunguze kazi pamoja," tutaelewa, sisi ni watu wazima. Tukiona kazi ni ile ile na pesa haipo, tunajua ubora umeshakatwa, na aliyekatiwa ni mtoto wa hapa.

Kwa vijana wenzangu: msiyaogope haya maneno. Lengo, kiashiria, bajeti, ufuatiliaji, yote yalitengenezwa na watu waliokuwa wameshindwa kitu na wakataka wasishindwe tena. Mwaka 1947 wenye elimu na pauni milioni 25 walishindwa na udongo ambao mtoto wa Kigogo angewaeleza. Sisi hatuna pauni, lakini udongo huu tunaujua, tumekaa juu yake miaka. Andikeni hilo kwenye andiko lenu, tena muliandike kwenye ukurasa wa kwanza.